Kitambaa Nyeupe ya Mama Godelieve

Ilikuwa mwaka 2016. Hapana, ilikuwa 2017, sababu balikuwa banajenga ukuta kuzunguka mutaa wetu wa Kasulo juu ya machimbo, na batu banahamishwa. Abigaëlle, binti wa jirani yangu, alikuwa na ndugu mudogo mwenye kukohoa sana. Yeye na benzake bakafunga bitambaa byeupe mbele ya nyumba za batu. Kila kitambaa ilipaswa kukaa nje mwezi muzima, halafu bakubwa ba serikali baone vumbi ya machimbo tunayovuta.

Bamama betu baliharibu kazi. Mama Godelieve alikuwa anaosha yake kila Jumamosi na kuirudisha kwenye kamba.

"Mama," Abigaëlle akamuambia, "hiyo vumbi ndiyo tunatafuta!"

"Wee mutoto! Bageni bapite, baseme Godelieve iko muchafu?"

"Basi bakubwa batasema hewa iko safi."

"Baseme. Na kwangu kuko safi vilevile!"

Abigaëlle alicheka mpaka akakaa chini. Hakukasirika hata siku moja, mutoto yule.

Halafu Mama Godelieve naye akahamishwa. Kisha mwezi moja kupita, mi na Abigaëlle tulipita pale. Nyumba ilibomolewa, lakini kitambaa ilibaki kwenye kamba, rangi ya udongo. Hakuna mutu aliyeiosha. Abigaëlle akaikunja polepole, tukaipeleka kwa mukubwa mumoja wa serikali kwenye biroo yake. Akaitazama, akasema kule hakuishi mutu tena.

Nikamuuliza: "Sasa, tata, Mama Godelieve alivuta hii vumbi kiasi gani, wakati kitambaa yake ilikuwa nyeupe?"