Nukta Kumi na Moja Nilizozifuta

Mimi najivuna, sikatai. Nilipokuwa kidato cha nne kule Bunda, hakuna aliyenishinda kupika data. Kwenye jaribio la pendulamu wenzangu walihangaika na saa, mimi nilishajua jibu, mchapuko wa mvutano wa dunia, ni 9.8, kwa hiyo nilianzia kwenye jibu nikarudi nyuma mpaka kwenye sekunde. Nikishazipata, nazichafua kidogo mbili tatu ili mwalimu asishtuke. Karibu darasa zima lilikuwa linapika. Tofauti ni kwamba mimi nilipata alama zote.

Miaka ikaenda, nikajikuta nasoma shahada ya uzamili ya fizikia, upande wa nyota. Nilipewa nyota mbili zinazozungukana. Moja ikipita mbele ya mwenzake, mwanga unapungua, halafu unarudi. Darubini zilikuwa zimepima nyakati za kupungua huko kwa miaka kadhaa, na kazi yangu ilikuwa kutafuta mzunguko mmoja unachukua muda gani, na uhakika wangu ni wa kiasi gani. Unachora nukta, unatafuta mstari unaozifaa. Jibu langu lilifanana na lililochapishwa kwenye orodha ya zamani ya nyota mpaka tarakimu ya mwisho, nikatembea kifua mbele wiki nzima. Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa nimefuta nukta kumi na moja zilizokataa kukaa kwenye mstari. Nilijiambia darubini ndiyo ilikosea.

Msimamizi wangu, profesa mmoja mpole wa sauti, aliitazama grafu ile kwa muda mrefu. Kila nukta ilikuwa na kijiti juu na chini, kuonyesha kipimo kinaweza kukosea kiasi gani.

"Binti," akasema, "vijiti vikiwa vya kweli, katika kila nukta tatu, moja hivi kijiti chake hakitaufikia mstari. Vyako vyote vimeufikia. Nyingine umezipeleka wapi?"

Akaniambia zimebaki wiki tatu nitetee tasnifu, na kwa grafu ile hatatia sahihi.

Nilikasirika, tena sana, kwa sababu alikuwa amenikamata. Nikafunga begi nikarudi nyumbani Butiama. Huko nako hapakuwa na afueni. Baba, ambaye maisha yake ni ng'ombe na pamba, alishatangaza mpaka mnadani kwamba binti yake anakuwa mtaalamu wa nyota. Nikifeli, aibu ingemfuata yeye kila Jumatatu ya mnada.

Siku ya tatu hasira ilipoa. Nikakaa barazani mchana na laptopu, nikazirudisha zote kumi na moja. Zote zilikuwa za misimu miwili ya mwisho. Zote zilionyesha mwanga umepungua kwa kuchelewa, na za mwisho zilichelewa kuliko za mwanzo. Kosa la darubini lingezitupa huku na huku. Hizi zilifuatana upande mmoja kama ng'ombe wanaokwenda majini.

Nikaongeza kitu kimoja kisichojulikana kwenye hesabu: kila mzunguko unarefuka kwa kiasi gani. Lakini kuongeza nako kunaweza kuwa kupika, kwa hiyo niliacha mlango wazi wa jibu kuwa sifuri. Kompyuta ikajaribu thamani kwa maelfu, ikinionyesha zipi zinaendana na vipimo. Sifuri ikaachwa mbali kabisa. Mzunguko wa nyota zile ulikuwa unarefuka kweli, na ushahidi wake niliuweka mimi mwenyewe kwenye takataka.

Nikamtumia profesa grafu mpya yenye nukta zote, akatia sahihi. Utetezi ulifanyika kwa mtandao, na mtandao wa nyumbani ni wa kusuasua, basi nikaenda Musoma kwa shangazi yangu, mtaa wa Kamunyonge. Baba akang'ang'ania kuja. Alivaa suti ya kanisani, akakaa nyuma ya laptopu ambako kamera haimwoni.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mtahini wa nje aliposema, "Rasimu yako ya kwanza, ambayo profesa wako alinionyesha, ilikuwa na nukta chache. Kwa nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: faili halikufunguka vizuri. Nikamwangalia baba, kofia ameishika magotini. Nikainama kidogo, nikasema, "Nilizifuta mimi. Zilinikatalia jibu nililolitaka."

Mtahini akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kisha akasema, "Liandike hilo kwenye tasnifu kama ulivyolisema. Ukishaliandika, umefaulu."

Shangazi akapiga vigelegele jikoni. Baba hajui Kiingereza, akaniuliza, "Mbona kuna mahali uliinamisha kichwa?"

Nikamweleza yote, na ya Bunda nikamwongezea.

"Kumbe ulikuwaga unadanganya?"

"Nilikuwaga, baba."

Akafikiri. "Na hao wamekupa digrii huku wanajua?"

"Wanajua. Wamesema niliandike."

"Basi hiyo, mama, hakuna mtu atakunyang'anya."

Niliiandika palepale mezani kwa shangazi, sentensi moja, baba akiwa amesimama nyuma yangu. Tasnifu ina kurasa nyingi na nyota zangu zimo, lakini mgeni akija nyumbani akaomba kuiona, baba humfungulia ukurasa huo.