Daftari la Vipimo la Mzee Futi

Fundi cherehani mmoja walimwita Mzee Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda msibani. Kibandani alikuwa na cherehani mbili, moja ya kazi na moja ya kunyofolewa vipuri. Alikuwa na desturi yake: kila nguo ya mtoto aliiandika daftarini, tarehe, bega, kiuno, urefu, na mwisho kabisa, aliyemleta. Mtoto hagombani na fundi, alisema. Anayegombana ni aliyemleta.

Mkewe alishatangulia. Nyumbani alibaki na mjukuu wa miaka minane, aliyemlea tangu mwanawe na mkwewe walipotengana vyumba, kisha miji. Sasa mwanawe alikuwa amefungua shauri la talaka: mke kawatelekeza yeye na mtoto, miaka mitatu hajakanyaga. Akaomba mtoto abaki kwa babu. Mzee hakutaka kingine duniani. Kuhusu hiyo miaka mitatu, alinyamaza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Baba, uje na daftari lako," mwanawe alimwambia. "Hakimu aone nani anamvika huyu mtoto."

Akaenda nalo, kalifunga kwa kipande cha kitambaa cha sare. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, alilisoma kimya, halafu akasoma kwa sauti.

"Mjukuu. Bega kumi na moja. Aliyemleta: mama yake." Akafunua. "Bega kumi na moja na nusu. Aliyemleta: mama yake."

Kila shule zilipofungwa, mama yake. Mwanawe akamkata jicho. Mzee alikuwa ameisahau safu ile kama mtu anavyosahau pua yake.

"Mzee, mwandiko huu ni wako?"

Angeweza kusema macho yamezeeka. Akaishika futi shingoni.

"Ni wangu, mheshimiwa. Hata kitambaa alikuja nacho yeye. Mimi nilishona tu."

"Baba!" mwanawe alinong'ona.

"Nimepima, nimeandika. Sasa nifanyeje, nimeze daftari?"

Talaka ilitoka, maana ndoa ilishachanika pasipo kushoneka, lakini dai la kutelekezwa lilitupwa. Mtoto akaenda kwa mama yake. Babu akapewa kukaa naye likizo za shule. Siku hiyo aliporudi alikunja godoro dogo la mjukuu, akaliegemeza ukutani, kisha akalikunjua tena.

Shule zilipofungwa, mkwewe akaingia kibandani na mtoto.

"Shikamoo baba. Tumekuja kupimwa."

"Marahaba. Simama wima wewe, unajikunja kama mkia wa mbuzi."

Bega kumi na tatu. Akaamua kuacha upindo mpana kuliko kawaida, kwa kuwa huyu sasa anakulia mbali.

"Baba, andika vizuri," mkwewe akacheka. "Hilo daftari lako lina mdomo."

Mzee akalamba ncha ya penseli, akaandika: mama yake. Akafikiri kidogo, akaongeza: anabaki kwa babu, wiki tatu.