Sosi ya Mama Hotpoti

Katibu wa mkurugenzi alikuwa hodari wa mambo mawili, simu na hotpoti. Simu aliipokea kwa sauti iliyomfanya mpigaji avae shati hata kama yuko nyumbani kwake. Hotpoti aliifungua mchana, polepole, akiwa amehakikisha kwanza kwamba mlango uko wazi na feni inapuliza kuelekea chumba cha wahasibu. Harufu ilitangulia, maelezo yakafuata.

"Leo hata muda sikuwa nao," alikuwa akisema. "Nimeokaoka tu vimboga."

Hivyo vimboga vilikuwa karoti zilizoiva bila kupoteza umbo, biringani laini, pilipili hoho zilizojikunja ngozi, na vitunguu vilivyopata rangi ya kahawia kwenye kingo. Juu yake ilimwagwa sosi nzito ya kitunguu saumu, soya na limao. Mhasibu mkuu, mtu mwenye shahada mbili na aibu zake, alishawahi kuonekana akifuta kifuniko kwa kidole. Ndipo ofisi nzima ikamwita Mama Hotpoti, na yeye akalipokea jina hilo kama wengine wanavyopokea nishani.

Jambo moja tu hawakulijua. Mama Hotpoti hakujua kupika. Hata chai aliyoichemsha ilikuwa na ladha ya sufuria. Mpishi alikuwa mumewe.

Mumewe alikuwa fundi makochi, pande la mtu, mikono kama makasia. Karakana waligawana na seremala mmoja, na mbele ya seremala huyo fundi alikuwa na msimamo mkali kuhusu wanaume na jiko. Alisema mwanamume anayeshika mwiko ni sawa na jogoo anayeatamia mayai. Akishalisema hilo, alifunga kazi mapema, akaenda nyumbani, akafunga aproni yenye maua. Kupika alijifunza ujanani akiwa amepanga chumba peke yake, na akapenda, akapenda kuliko makochi. Lakini heri afe kuliko seremala ajue. Mkewe naye, heri afe kuliko ofisi ijue. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na amani tele, maana uongo wa bwana ulikaa juu ya uongo wa bibi kama kifuniko juu ya chungu chake.

Amani hiyo iliharibiwa na neno moja. Kulikuwa na tafrija ofisini, kila mtu aje na chakula, na Mama Hotpoti akaja na sinia zima la mboga za kuoka. Mke wa mkurugenzi, mama wa vitenge vizito na sauti nyepesi, akaonja, akafumba macho, akaonja tena.

"Mdogo wangu, hii unafanyaje?"

"Rahisi sana, mama. Unakata, unaoka, unamwagia sosi. Hata mtoto anaweza."

Angesema ni siri ya ukoo wao, yangeishia pale. Lakini mwenye sifa hakosi la kuongeza.

"Basi kama ni rahisi, Jumamosi uje unifundishe," mke wa mkurugenzi alisema. "Oveni ninayo, kubwa. Na dada wa kazi nitampa ruhusa, tuwe wenyewe. Hawa ukiwaonyesha kitu, kesho mtaa mzima unacho."

Jioni ile Mama Hotpoti alimweleza mumewe kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Mumewe alicheka mpaka kochi likalia. Kisha akaona fahari: sosi yake ilikuwa inaingia nyumba ya mkurugenzi, hata kama ni kwa mlango wa nyuma. Akamketisha mezani, akaanza somo.

"Sikiliza. Washa oveni mapema, ipate moto wa kweli. Mboga ngumu zianze, laini zifuate. Pakaza mafuta kiasi. Usizirundike, ukizirundika zitatoa maji zijichemshe. Kwenye sosi, kaanga kitunguu saumu kidogo kwa siagi, kisichome, tia limao, asali tone, halafu soya. Chumvi usitie, soya ina chumvi tayari."

"Nimeelewa."

"Andika."

"Mimi naandika kumbukumbu za vikao vya bodi. Mboga zitanishinda?"

Alikuwa akimsikiliza kama watu wanavyosikiliza tangazo la kifo cha mtu wasiyemjua. Kilichobaki kichwani ni maneno ya hapa na pale: moto, ngumu, siagi, soya, chumvi.

Jumamosi akaenda, amevaa vizuri kupita kiasi kwa mtu anayekwenda kukata vitunguu. Jiko la mke wa mkurugenzi liling'aa kama duka la vyombo. Visu vilipangwa kwa ukubwa, vikali vyote, maana hakuna aliyevitumia. Mama Hotpoti alipumua kwa hofu. Alidhani yuko mbele ya mpishi wa kweli, na sasa ataumbuka.

"Tuanze na oveni," alisema kwa mamlaka.

"Tuanze na oveni," mwenyeji aliitika, akaufungua mlango wake. Ndani mlikuwa na vifuniko vya sufuria, sahani za wageni, na kitabu cha maelekezo bado kikiwa kwenye nailoni yake.

Mama Hotpoti alikitazama kile kitabu, kisha akamtazama mwenyeji. Mwenyeji alikuwa akitazama dirisha.

"Mimi huwa naitunza sana," mke wa mkurugenzi alisema.

"Inaonekana, mama."

Walitoa vyombo, wakavipanga mezani. Mama Hotpoti alianza kupata nguvu, na alipomwona mwenzake akishika kisu kama kalamu ya kutia saini, nguvu zikazidi. Hofu ilimtoka, kiburi kikahamia palepale ilipokaa. Akazungusha swichi moja ya oveni. Taa ikawaka ndani, nzuri, ya manjano.

"Moto huo," alisema.

"Naona," alisema mwenzake kwa heshima.

Wakakata. Karoti zilitoka vipande vya ukubwa wa soli, vitunguu vyembamba kama karatasi, biringani nyingine zikabaki na vikonyo vyake. Wakarundika zote kwenye sinia moja kama mzigo wa mhamaji, wakazisukuma ndani, wakakaa kunywa soda na kuwasema watu. Walisema sana. Walipokwenda kutazama, mboga zilikuwa kama zilivyoingia, zimemulikwa tu.

Mke wa mkurugenzi alizigusa kwa kidole. "Mbona baridi?"

"Zinapumzika," Mama Hotpoti alisema bila kupepesa. "Hatua ya kwanza ni kuzipumzisha. Wengi wanairuka ndiyo maana hawapatii."

"Kumbe."

Akazungusha swichi zote zilizobaki. Safari hii oveni iliunguruma, moto wa juu ukawaka mwekundu, na kabla hawajamaliza kumsema mke wa naibu mkurugenzi, moshi ulikuwa umefika sebuleni. Vitunguu vilikuwa mkaa. Chini yake karoti zilikuwa zinaweza kupandwa upya zikaota.

Ikaja sosi. Mama Hotpoti alikumbuka vizuri kabisa kwamba palikuwa na soya na palikuwa na chumvi. Alimimina nusu chupa ya ile, akatia mkono mzima wa hii. Watu husema mwongo hutia chumvi maneno yake. Huyu aliitia hata kwenye sufuria.

Mkurugenzi alirudi wakamwekea. Alikuwa mtu aliyetumia maisha yake ya kazi kupitisha mambo asiyoyasoma, na kile chakula akakipitisha hivyohivyo, bila kutafuna. Kisha akanywa maji, akanywa tena.

"Ina ladha ya nje ya nchi," alisema.

Ndiyo hukumu iliyowaponza wengine. Mke wa mkurugenzi aliketi na kikundi chake cha kina mama akawafundisha mboga za oveni kwa ufundi wa Mama Hotpoti: kupumzisha, kuunguza juu, sosi ya kukausha ulimi. Nani atamwambia mke wa mkurugenzi kwamba chakula chake hakiliki? Walikwenda wakakiiga. Kila nyumba iliyokuwa na mgeni wa heshima, sinia likatoka likiwa jeusi juu na bichi chini, na wageni wakatabasamu kwa meno yenye masizi. Yule aliyeshindwa kumaliza alionekana hajastaarabika.

Mama Hotpoti alizisikia habari hizo, akaendelea kufungua hotpoti yake. Mumewe akimuuliza somo lilikwendaje, alijibu, "Wameshika vizuri."

Siku ya siku ikafika. Mkurugenzi aliozesha binti yake, karamu ikafanyika nyumbani kwake, na wote wakaalikwa: Mama Hotpoti na mumewe, na hata yule seremala, kwa kuwa ndiye aliyetengeneza meza ndefu ya kulia chakula. Sinia likaletwa mbele yao. Fundi makochi alipakua bila wasiwasi. Akatia kinywani.

Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekalia msumari.

"Nani kapika hii?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kula," mkewe alisema.

Mke wa mkurugenzi alikuwa anapita. "Shemeji, unaonaje? Ni ile ya mkeo, neno kwa neno. Una bahati, wewe unaila kila siku."

"Nimezoea," fundi alisema, machozi ya chumvi yakimlenga.

Alijaribu kuvumilia. Lakini kila alipotazama meza za wengine aliona sosi yake, mtoto aliyemlea mwenyewe, ametembezwa uchi mbele za watu. Akaaga anakwenda kunawa mikono. Hakwenda kunawa. Aliingia jikoni, akakuta sinia mbili zinangoja na sufuria kubwa ya ule msiba. Akatazama kushoto na kulia, akachukua aproni ukutani.

Alitupa zilizoungua, akatandaza mboga zilizobaki zipate nafasi, akazirudisha kwenye oveni, moto wa juu na wa chini. Ule msiba akaumwaga kwenye sinki, akabakiza kijiko kimoja kama mbegu. Akakaanga kitunguu saumu kwa siagi, akakamua malimao, akatia asali. Akaonja, akafumba macho, akasahau yuko wapi. Alikuwa anaimba kwa pua mlango ulipofunguka.

Walikuwa mke wa mkurugenzi na, nyuma yake, seremala aliyekuja kuomba maji.

Fundi makochi alisimama na mwiko mkononi, aproni imefika nusu ya tumbo. Angeweza kusema kweli, mkewe akaumbuka. Angeweza kusema uongo, lakini uongo upi unaomfaa mwanamume mwenye aproni?

"Mke wangu ndiye kanituma," alisema hatimaye. "Huwa... huwa ananifundisha."

Mke wa mkurugenzi alichovya kidole kwenye sosi, akakilamba. Akachovya tena. Kisha akamshika fundi mkono na kumpeleka mbele ya wageni hivyohivyo, mwiko na yote, akaomba watu wanyamaze.

"Jamani, mmeona mwalimu?" alisema. "Huyu Mama Hotpoti hakuishia kutufundisha sisi. Pandikizi lote hili la mume kalifundisha jikoni, na leo mwanafunzi kafaulu. Onjeni wenyewe."

Vigelegele vikapigwa. Watu wakala, safari hii kwa dhati, wakamsifu Mama Hotpoti kwa subira yake, maana kumfundisha mtu mzito kiasi kile si mchezo. Mhasibu mkuu alisimama akapiga makofi peke yake. Mama Hotpoti aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kuwa nao. Mumewe alitazama upande wa seremala. Seremala alikuwa amejiinamia kifudifudi juu ya meza aliyoitengeneza mwenyewe, mabega yakitikisika.

Njiani kurudi, fundi alianza na neno moja. "Mwanafunzi."

"Ulitaka nifanyeje?" mkewe aliuliza. "Nikukanushe mbele za watu?"

"Soya ina chumvi tayari. Nilikwambia."

"Ungelisema kwa mkazo."

Kwa siku kadhaa aligoma. Alikaa kwenye kochi, miguu juu, akamwachia mwalimu jiko lake. Mwalimu alichemsha mayai, mengine yakapasuka. Ofisini hotpoti ilifunguliwa polepole kama kawaida, ndani mkiwa na mkate na yai, na wahasibu wakaelezwa kwamba daktari kashauri tumbo lipumzishwe. Wakaliandika hilo. Wawili kati yao wakaanza kulifuata.

Mgomo ulivunjwa na njaa, si huruma. Fundi alirudi jikoni jioni moja, akampa mkewe karoti na kisu. Mkewe akaimenya mpaka ikawa nyembamba kama njiti ya kiberiti, akaridhika nayo, na kesho yake akawaeleza wahasibu kirefu jinsi karoti inavyomenywa, na kwamba watu wengi hukosea.

Karakanani mambo yalikuwa mabaya kwa muda. Seremala alikuwa akiingia asubuhi na kusalimu, "Mwanafunzi, hujambo?" mbele ya wateja, na wateja wakiuliza, alieleza yote. Fundi alikaza kitambaa, akapiga misumari, akameza.

Halafu siku moja, karakana ikiwa tupu, seremala alisogea na kiti kisicho na mguu, akajifanya anakikagua.

"Hivi," alisema, macho kwenye kiti, "biringani linakunywa mafuta yote. Mtu afanyeje?"

Fundi aliacha nyundo. Alimtazama, akaona kidonda kidogo cha kisu kwenye kidole gumba cha mwenzake, kidonda ambacho si cha msumeno.

"Lipake chumvi kwanza, lisimame kidogo, litoe maji," alisema. "Ulikaushe ndipo utie mafuta. Mke wangu ndivyo anavyosema."

"Mke wako ana akili," seremala alisema.

"Sana," alisema fundi makochi, akaokota nyundo yake.