Mkanda wa Mlango wa Kushoto

Asubuhi ile ya baridi ya Tunduma naikumbuka, mwanangu, kuliko hata asubuhi ya harusi yangu. Mama yako asisikie.

Nilikuwa fundi rangi kijana, hodari wa kujisifu. Mwalimu mmoja wa Ihanda alileta gari lake jeupe, gari la kwanza maishani mwake. Jumamosi lingempeleka binti yake kanisani kufunga ndoa. Mikanda ya plastiki iliyogundishwa milangoni ilikuwa imepauka, akataka itolewe bila kuharibu rangi.

Mzee Sichone, mwenye gereji, aliniagiza nichemshe maji kwanza. Nikaona ananichelewesha tu. Nikachomeka bisibisi chini ya mkanda wa mlango wa kushoto, nikaubandua kwa nguvu. Gundi ilikuwa imekakamaa kwa baridi. Mkanda ulitoka na rangi ya gari, na bisibisi ikachora mstari hadi kwenye bati.

Nikakimbilia gundi niurudishie. Mzee akanishika mkono.

"Unamficha nani? Mwenyewe anakuja saa nane. Utamwambia wewe."

Nikamwambia. Mwalimu alipitisha kidole kwenye ule mkwaruzo.

"Mwalimu, utuwie radhi," Mzee akasema. "Mlango huu nitaupaka upya, na mkanda wa kulia nitautoa mwenyewe."

"Hapana, Mzee. Atoe huyu huyu. Sijawahi kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la kwanza."

Afadhali angenitukana! Nikalaza kitambaa cha maji ya moto juu ya mkanda, nikakibadilisha kila kilipopoa, mpaka gundi ikalegea. Nikapitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake, nikivuta huku na huku taratibu. Mabaki nikayalainisha kwa mafuta ya taa kidogo, nikayasugua kwa kidole, nikaosha kwa sabuni. Rangi ilibaki nzima.

Jumamosi nilikwenda kanisani kuchungulia. Mlango uliopakwa upya ulikuwa mweupe kupita wenzake. Mwalimu aliegesha gari upande wa kulia, ule nilioutengeneza vizuri, ukitazama watu, na binti yake akashukia hapo.

Kesho unaanza kazi gereji, mwanangu. Kitu cha mtu usikitoe kwa nguvu, kipashe moto na ukisubiri. Ukikosea, sema kabla hujaulizwa. Kwenye begi nimekuwekea uzi wa kuvulia. Mungu akujalie mikono mitulivu, na siku utakayoharibu, akukutanishe na mtu kama yule mwalimu.