Mbuzi wangu walikula bahari ya watoto wa nasari, nikasema ni upepo

Ejok wakuu. Mimi ni nyanya, shule niliachia darasa la tatu, mtanivumilia maandishi. Sitaongeza chumvi. Mengine hapa yananiaibisha mimi mwenyewe.

Napika uji kwa nasari moja hapa Kakuma. Ufunguo wa darasa nakaa nao mimi.

Mjukuu wangu Akiru, miaka mitano, anasoma hapo. Mama yake anafanya kazi ya hoteli Lodwar, anakuja akipata ruhusa.

Muhula huu mwalimu, msichana wa kutoka Kilifi, alisema watoto watasoma bahari. Nikashangaa. Hapa hata mto una maji siku chache tu.

Lakini walifanya. Walipaka katoni rangi ya bluu, wakakata samaki na kasa, wakahesabu miguu ya pweza. Wakabandika ukutani na gundi ya unga wa ngano. Hiyo gundi nilipika mimi, kwa sufuria ya uji.

Akiru alitengeneza pweza. Nyumbani ni pweza, pweza, mpaka kichwa kikaniuma. Mama yake alikuwa aje open day, ile siku wazazi huitwa shule, amwone huyo pweza.

Sasa Jumapili, tumetoka kanisa, jua kali sana. Mbuzi wangu mmoja alikuwa amezaa asubuhi hiyo. Nikafungua darasa nimweke kwa kivuli na mtoto wake. Wawili wengine wakamfuata, nikawaacha. Nani hapa hajawahi kuingiza mbuzi ndani ya nyumba?

Nikaketi nje, nikasinzia.

Wakuu, mbuzi na unga. Mimi niliyefuga maisha yangu yote ndiye nilisahau. Kuamka, wamekula bahari mpaka pale shingo inafika. Pweza alibaki mguu mmoja.

Nilifagia mavi, nikafunga.

Jumatatu mwalimu akauliza. Nikasema upepo ulifungua mlango, mbuzi za watu zikaingia. Aliamini, ama alininyamazia tu.

Jumanne Akiru akakataa shule. Jumatano pia. Nikachukua fimbo. Akakaa chini, akanitazama bila kulia. Nimelea watoto saba, sijawahi kutazamwa hivyo.

Jioni mwalimu akaja nyumbani. Akaniambia, "Nyanya, weka fimbo. Muulize."

Nikamuuliza.

"Nilikuona na ufunguo," akasema.

Kumbe Jumapili alikuwa anacheza nyuma ya jikoni pale shule.

Kwetu mtu mzima haombi mtoto msamaha. Mama yangu hakuniomba, na mimi sikuomba wangu. Alhamisi yote nilizunguka na hilo jambo, nikaunguza hata uji.

Ijumaa nikamshika Akiru mkono, tukaenda shule. Nikasimama mbele ya darasa, mwiko bado mkononi, nikasema:

"Mimi ndiye nilifungua mlango. Ile ya upepo nilidanganya. Akiru, nisamehe."

Mtoto mmoja akauliza kama mbuzi aliyekula kasa ataharisha. Mwalimu akageukia ukuta, mabega yanatikisika.

Akiru hakucheka. Aliniletea makasi na katoni. "Kata miguu. Nane." Nikakata sita, akanirudishia.

Open day ilifika na bahari ndogo kuliko ile ya kwanza. Mama yake alikuja, akapiga pweza picha. Akiru akamweleza pia nani alikula yule mwingine na nani alifungua. Binti yangu akaniangalia, nikaenda kukoroga uji.

Siku hizi Akiru anaenda shule vizuri. Lakini kila jioni nikifunga darasa, anakuja anavuta kufuli mwenyewe kuhakikisha. Simkatazi.

Funzo langu: ukimkosea mtoto, mwambie siku hiyo hiyo, likiwa bado kosa moja. Mimi nilingoja yakawa mawili, na la pili, ule uongo, ndilo hajaniachilia.

Nyinyi mlio na wajukuu, mmewahi kuomba mtoto msamaha? Alichukua muda gani kukuamini tena? Andikeni. Nitasoma pole pole, macho yamechoka.