Mbu wa Mchana

Yusuph wa Dixon Road, Toronto, dereva wa teksi ya uwanja wa ndege, mzaliwa wa Tanga, alikuwa hodari wa kushauri. Kushauriwa ndiko kulikomshinda. Abiria wake walishuka na mizigo yao na nasaha zake, watake wasitake.

Basi mwaka 2011 ikafika zamu yake ya kusafiri. Binti yake wa pekee, Nuria, alikuwa ameposwa na Nazir, kijana ambaye kwao ni Sri Lanka. Bibi yake Nazir huko Kandy alikuwa mzee, hawezi tena safari ya ndege. Yusuph akasema atakwenda kumwamkia mwenyewe, kisha arudi amwozeshe binti yake kwa mkono wake. Hilo la mkono wake alilirudia kila siku. Baba yake alifariki kabla ya harusi za dada zake, wakaozeshwa na ami, na kilio chao siku hizo hakijawahi kumtoka masikioni.

Roshanara, mama yake Nazir, akaja kutoka Agincourt, upande wa pili wa mji, na maelekezo. Walizungumza Kiingereza, kila mtu na lafudhi yake, ila Nuria alikuwa amemfundisha kusema "mzazi mwenzangu", na mama huyo alilitamka neno hilo kwa fahari kweli kweli.

"Mzazi mwenzangu, maji unywe ya chupa. Bajaji, patana bei kabla hujapanda. Ukiingia hekaluni vua viatu na kofia, na usipige picha umeipa mgongo sanamu ya Buddha, watu wanaumia. Ukimwomba mtu jambo akakuyumbishia kichwa, usikasirike, huyo amekubali. Na mchana ujipake dawa ya mbu."

"Mchana? Mbu wa kwetu wana adabu, wanangoja jua lizame."

"Hawa hawana. Na ukipata homa, hata ukiwa umesharudi huku, usimeze aspirini. Nenda hospitali, useme umetoka wapi."

"Samaki hafundishwi kuogelea, mama. Mimi joto na mbu nimezaliwa navyo."

"Baba, si umsikilize tu? Please," Nuria akasema. Yusuph akamimina chai.

Safari ilikuwa njema. Alidandia bajaji bila kupatana, akakoma. Aligombana na mhudumu wa hoteli aliyekuwa akimkubalia kwa kichwa kila alichotaka. Bibi akamwekea mkono kichwani, akamwombea dua ndefu, na Yusuph akatoka pale moyo mweupe. Dawa ya mbu ilirudi Toronto haijafunguliwa.

Wiki ya harusi, macho yakaanza kumuuma kwa ndani, kisha mifupa, kisha homa ikampiga mpaka meno yakagongana.

"Malaria tu hii," akamwambia mkewe. "Tunajuana."

Ndivyo tulivyo watu wa pwani ile: kila homa ni malaria, na tumeshazika wengi kwa ujuzi huo. Madaktari wa Toronto, alisema, malaria wameisoma vitabuni. Akameza vidonge vyake vya Tanga, akatafuta na aspirini ya kutuliza kichwa. Mama Nuria hakubishana naye. Aliingia jikoni, akapiga simu Agincourt.

Roshanara alifika na ndala za nyumbani miguuni. Akamkuta Yusuph ameshika glasi ya maji, aspirini kiganjani.

"Mzazi mwenzangu, weka chini."

"Kichwa kinanipasuka, mama."

"Kaka yangu alimeza hizo hizo, kwa homa hii hii." Akamwondolea glasi mkononi. "Damu ikamtoka puani, haikukoma. Mimi ndiye niliyemshikia beseni."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Yusuph alikubali kushauriwa. Akaweka vidonge chini, wakamwinua, wakaenda.

Hospitalini walimpima, wakakuta homa ya dengi, ile ya mbu wa mchana. Damu yake, daktari alieleza, ilikuwa imepungukiwa na vile vinavyoifanya igande, na ile aspirini ingeweza kummaliza. Alilala pale amelegea kama kitambaa kilicholoa. Ijumaa, harusi ikiwa kesho yake, akaomba aitiwe shehe, ili mbele yake ateue wakili wa kumwozeshea binti.

Nuria, aliyezoea kuchanganya lugha, akamshika mkono. Safari hii alisema Kiswahili kitupu. "Sitaki wakili, Baba. Pona kwanza. Nitangoja."

Yusuph aligeukia ukutani akalia, na hakuona haya.

Walingoja kweli. Ukumbi wa harusi huko Brampton ulipopatikana tena, alikuja amekonda, kanzu inampwaya. Akamshika Nazir mkono, akasema, "Nimekuoza binti yangu Nuria," kwa sauti iliyofika mpaka upande wa wanawake. Nazir akakubali. Watu wakamiminika kumpa hongera, lakini yeye akawapenya mpaka alipokaa Roshanara, akasimama mbele yake na kanzu yake pana.

"Mzazi mwenzangu, ahsante," akasema. "Bila wewe, leo binti yangu angeozeshwa na ami yake."