Mume aliyefutwa na simu ya mke wake

Saa moja asubuhi, kabla mapokezi ya kliniki ya macho hayajafunguliwa, mtengeneza programu amekaa mbele ya kompyuta mbili na kuhesabu majina kwa sauti. Akimaliza skrini ya kushoto anaanza upya ya kulia, aone kama idadi zinalingana. Yeye haziamini kompyuta, na siku hizi hajiamini hata yeye mwenyewe.

Kazi yake ukiitazama juujuu ni ndogo. Wagonjwa wanaosubiri upasuaji huandikishwa kwenye hifadhidata ya kliniki, naye ndiye aliyetengeneza ukurasa wa tovuti unaoonyesha zamu zao. Asiyeonekana kwenye ukurasa huo haitwi na daktari. Anabaki kungoja huku jicho likizidi kufifia.

"Watu wanadhani ukurasa unaonyesha kilichomo kwenye hifadhidata," anasema, akiguna. "Wapi! Unaonyesha nilichokipanga mimi hapo katikati. Na hapo katikati ndipo pa kutilia shaka."

Tatizo ni kwamba yeye alianza kwa kumtilia shaka mtu.

Miezi michache iliyopita wagonjwa walianza kulalamika kuwa wameandikishwa lakini majina yao hayapo. Minong'ono ikaenea kwenye korido kwamba kuna mkono wa mtu. Na mwandikishaji ni mmoja tu, karani wa mapokezi, mama mcheshi aliyekuwa rafiki yake wa chakula cha mchana.

Basi akaanza kumtazama kwa macho ya pembeni. Karani akimwinamia mgonjwa kumsikiliza, yeye anahisi kuna hongo inapita. Karani akija na viatu vipya, huo tayari ushahidi.

"Hata alipoacha kucheka na mimi, nikasema ameshajua tumemshtukia," anakumbuka. "Kumbe mwenzangu alikuwa ananishangaa tu."

Akapeleka neno kwa mkuu wa kliniki. Karani akaambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe, na ajira yake ikawa inaning'inia.

Majina yakaendelea kupotea. Aliyeshika nafasi ya karani naye akaanza kuangaliwa vibaya. Ndipo siku moja akafika mzee na mkewe, wote wana mtoto wa jicho. Mke yumo kwenye ukurasa, mume hayumo.

"Tuliandikishwa pamoja, binti," mzee alisema. "Mimi nikatangulia, huyu akafuata. Sasa mimi nimekwenda wapi?"

Mtengeneza programu akafungua hifadhidata yenyewe. Wote wawili wamo, na namba yao ya simu ni moja.

"Hii simu ni ya nani, baba?"

"Ya mke wangu. Mimi simu ya nini? Anayenitafuta ni yeye tu, na huwa ananikuta kitandani."

Mkewe akaangua kicheko. Mtengeneza programu hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kuisoma upya programu yake.

Alipotengeneza ukurasa ule, majibu ya hifadhidata aliyapanga kama kwenye kabati la visanduku, na kila kisanduku akakipa lebo ya namba ya simu ili mgonjwa atafutwe haraka. Kisanduku kimoja hubeba mtu mmoja. Akija wa pili mwenye namba ileile, anaingia yeye na wa kwanza anatupwa nje, bila kelele wala onyo. Mume na mke, mama na mwanawe, majirani wanaoazimana simu, wote walikuwa wakifutana humo.

"Mimi nina simu mbili," anasema. "Haikunijia kabisa akilini kwamba kuna nyumba nzima inatumia moja."

Siku hiyohiyo alilivunja kabati. Sasa wagonjwa wanakaa kwenye orodha ya kawaida, kila mmoja na nafasi yake, kwa mpangilio uleule waliotoka nao kwenye hifadhidata. Kutafuta jina kunachelewa kidogo, lakini hilo halimsumbui. Mzee akatokea, mstari mmoja juu ya mkewe.

Akaeleza kwa mkuu, kisha akaenda nyumbani kwa karani. "Dada, mwizi wa majina ni programu yangu," alimwambia mlangoni.

Karani alimsikiliza hadi mwisho. "Mdogo wangu," akasema, "mimi nilikuwa nakaa hatua chache kutoka mezani kwako. Ulishindwa hata kuniuliza?"



Karani amerudi kazini. Salamu anaitikia, chakula anakula peke yake. Asubuhi hii anamwandikisha mgonjwa wa kwanza, anangoja jina litokee kwenye ukurasa, halafu anatoa simu na kuipiga picha skrini. Hufanya hivyo kwa kila mgonjwa, na hafichi.

"Mwache apige picha," mtengeneza programu anasema. "Ningekuwa yeye, ningepiga. Ninachoomba ni kitu kimoja tu: siku moja aandikishe mgonjwa, halafu asahau kupiga."

Kule mapokezi, karani anamwita mgonjwa wa pili na kuinua simu yake.